Kurasa Kumi na Moja za Selpha Kageha

Selpha Kageha amepitisha mikononi vitabu vingi kuliko walimu wengi wa Eldoret, na hakumbuki kilichoandikwa katika hata kimoja. Kazi ndivyo ilivyotaka. Kwa miaka ishirini na mitatu alipanga herufi za risasi katika kiwanda cha kuchapa cha Mzee Kimeli, nyuma ya maduka ya nafaka, na mpanga herufi anayefuata hadithi hukosea. Huchomoa herufi moja moja kutoka kwenye sanduku lenye vyumba vidogo, huzisimamisha kichwa chini katika kibano cha chuma alichoshika mkono wa kushoto, na mstari ukijaa huuhamishia kwenye trei. Ukurasa mmoja ulimchukua saa mbili. Kama ulikuwa wa mapenzi au wa dawa ya kupe, hilo lilikuwa shauri la mteja.

"Ukicheka kabla ya kufika nukta, umeshaharibu mstari," Nicholas alimwambia siku ya kwanza. Nicholas ndiye aliyemfundisha, na hadi mwisho walikuwa wapangaji wawili tu pale ndani.

Aliingia mwaka 1965, akiwa na miaka kumi na tisa, ametoka Umaragoli na sanduku la bati na cheti cha darasa la nane. Walichapa kadi za harusi, vitabu vya nyimbo vya makanisa, kalenda za wauza mbegu. Mwaka uliofuata aliingia mteja wa aina nyingine. Johnstone Murunga alikuwa mwalimu karibu na Moi's Bridge, mahali ambapo wazee bado walipaita Hoey's Bridge, na alikuwa ameandika riwaya. Alitaka nakala mia tatu. Alikuja kila Jumamosi kusahihisha, akasimama nyuma ya Selpha na kutazama vidole vyake. Alikuwa na mke na watoto wawili. Desemba 1967 Selpha alijifungua binti.

Murunga alimwona mtoto mara moja. Alileta blanketi na mche wa sabuni, akakaa nusu saa, akaondoka. Selpha hakumfuata. Alimlea binti huyo Langas pamoja na mama yake mzazi, na mtoto alipofikia umri wa kuuliza aliambiwa kwamba baba yake alikuwa karani wa reli aliyekufa kwa ugonjwa wa mapafu kule Timboroa. Hapo pana baridi kali, na hakuna aliyeona ajabu mtu kufa hapo. Binti aliridhika. Jina lake halimo katika makala haya. Yaliyotokea amekubali yaandikwe, jina hakukubali.

Murunga akawa mtu mkubwa. Riwaya ya pili ilisomwa shuleni nchi nzima, ya tatu ikamhamishia Nairobi. Mwishoni mwa 1982, kwenye sherehe ya kutoa zawadi katika shule moja, alitoa hotuba juu ya woga. Alisema kwamba watu wazima wa nchi hii wamejifunza kunong'ona hata wanapoomba chumvi mezani. Wiki hiyo hiyo makachero walimchukua. Alirudi baada ya miezi saba akitembea ameinama, hakuandika tena, na mwaka 1984 akafa.

Alizikwa nyumbani kwake, karibu na Moi's Bridge. Siku chache baada ya mazishi ilifika siku ya kunyoa. Siku hiyo watu wa damu na wa ndoa hunyolewa nywele, na baada ya wembe kupita wanabaki peke yao. Mzee mmoja huongoza. Huuliza nani ana neno na marehemu, na mwenye neno husimama na kulisema mbele ya wote, hata liwe la aibu. Mtoto wa nje hutajwa hapo, ili watu wa baba mmoja wasije wakaoana bila kujua. Mzee akishafunga kikao, jambo hilo haliendi sokoni wala kanisani. Husemwa siku moja tu, kwa waliofiwa.

Selpha hakupanga kwenda. Alikwenda kwa sababu kijana mdogo wa Murunga, aliyezaliwa baada ya wale wawili wa kwanza, alikuwa ameanza kumwandikia binti yake barua. Walikutana kwenye mashindano ya kwaya za shule. Barua ya nne ilikuwa na picha ndani.

Alinyolewa pamoja na wengine, akangoja, akasimama. Alisema sentensi nne. Kwamba anaitwa Selpha Kageha. Kwamba ana binti wa miaka kumi na sita, na baba yake ni huyu tuliyemzika. Kwamba hataki shamba wala jina. Kwamba kijana wa nyumba hii aache kuandika barua, kwa kuwa anamwandikia dada yake. Kijana alikuwa pale, akainamisha kichwa chake kilichonyolewa. Mjane alimtazama Selpha, akasema, "Nimesikia." Mzee akafunga. Barua hazikuja tena, na binti, aliyekuwa hajui lolote, alilia mwezi mzima kwa kudhani ameachwa.

Katika duara la watu wapatao arobaini alikaa Dakta Bethwel Shitanda. Hakuwa ndugu. Alikuwa mhadhiri wa chuo, amefika mazishini kama wageni wengine, na alikuwa amekwisha amua kuandika maisha ya Murunga. Wageni walipoanza kuaga siku ya kunyoa, yeye aliingia kwenye foleni ya wembe. Upande wa mume walidhani ametoka upande wa mke, na upande wa mke walidhani kinyume chake. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu hakuna mtu anayejua kwamba unaweza kumnyoa mtu asiyefiwa. Wembe ulikuwa ndio mlango, na hapakuwa na haja ya mlinzi mwingine. Chini ya koti lake kulikuwa na redio ya kunasia sauti.

Nywele zake ziliota tena kabla ya Krismasi.

Kitabu kilichukua miaka minne. Mwaka 1988 Shitanda alikileta kwa Mzee Kimeli, kwa maelezo kwamba ni vizuri maisha ya Murunga yachapwe pale ilipochapwa riwaya yake ya kwanza. Kiliitwa *Maisha Yote ya Murunga*. Kwenye utangulizi alijisifu kwamba nchi za watu wazima huandika wasifu bila kuogopa, na kwamba yeye hatakuwa mwandishi wa kupaka marehemu mafuta. Selpha alipanga utangulizi huo bila kuusoma.

Kurasa zilichapwa kwa mafungu, kisha herufi zikarudishwa masandukuni ili zipangiwe fungu jingine. Mwezi mmoja baadaye zilibaki sura mbili: ya nane na ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho. Selpha alimaliza ya nane Ijumaa asubuhi. Ilihusu hotuba na ile miezi saba. Alianza ya tisa, akawa katikati ya ukurasa wa pili wakati mkono wake ulipokwenda kwenye chumba cha K, kisha a, kisha g, kisha e. Mkono ndio uliotambua. Alipokuwa mwanafunzi alikuwa akipanga jina lake saa ya chakula, na vidole havikusahau njia ile.

Akachukua karatasi za Shitanda, akasoma sura ya nane na hiyo ya tisa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma kitu alichopewa kupanga.

Sentensi nne zilikuwa zimekuwa kurasa kumi na moja. Shitanda alikuwa amekwenda kwenye nyumba ya wageni ambako Murunga alilala zile Jumamosi za mwaka 1966 na 1967, akamhoji mwanamke mzee aliyefua mashuka. Aliandika alichoambiwa juu ya mashuka. Aliandika rangi ya gagulo. Aliandika kwamba vidole vya mpenzi wa Murunga viliacha alama za wino mahali ambapo yeye Shitanda, aliyekuwa mtoto wa shule ya msingi miaka hiyo, hangeweza kupajua isipokuwa kwa kupatamani. Na kwenye ukurasa wa tisa wa sura hiyo alitaja jina la binti, majina yote mawili, na shule ya Kapseret alikokuwa akifundisha.

Shitanda alipita mchana huo kuchukua pruf, yaani zile karatasi za kwanza za kusahihishia. Selpha alimfuata hadi mlangoni.

"Daktari, hii sura ya mwisho."

"Umeiona, Mama Selpha?" Alitabasamu kama mtu aliyeletewa salamu. "Usiogope. Nimekuandika vizuri. Wewe ndiye uliyemfanya mtu."

"Toa jina la mtoto."

"Ah. Siwezi."

"Hajui. Nilimwambia baba yake alikufa."

"Na si alikufa?" Alicheka, kisha akaona hachekewi. "Mama, sikiliza. Msomaji ana haki yake. Nikitoa jina, kesho mwingine ataniita mwongo. Kazi yetu haina huruma, na ndiyo uzuri wake."

"Nilisema yale kwa wafiwa."

"Na mimi nilikuwepo. Nilinyolewa kama wewe."

"Ulifiwa na nani?"

Shitanda alifungua mkoba wake, akaweka karatasi ndani, akamwambia aangalie vizuri alama za nukuu.

Jumapili Selpha alipanda gari hadi Kapseret kumwambia binti yake. Walikunywa chai, wakaongea juu ya ng'ombe wa jirani aliyeanguka mtaroni, wakaongea juu ya mahindi. Binti alimfungia chupa ya maziwa. Selpha alirudi Langas na maziwa, na hakuwa amesema neno lolote.

Jumatatu Nicholas alitaka wagawane sura ya tisa ili wamalize mapema, maana uzinduzi ulikuwa Jumamosi na mkuu wa wilaya alikuwa mgeni wa heshima. Selpha alikataa. Akaipanga yote peke yake, Jumatatu na Jumanne, hadi ukurasa wa kumi na moja, bila kosa. Aliniambia sababu bila kuulizwa mara ya pili: kama ni lazima mtu apange mashuka yale, afadhali iwe mikono yake kuliko macho ya Nicholas.

Jumatano asubuhi trei zote zilikuwa juu ya meza, sura ya nane upande mmoja na ya tisa upande mwingine, zikingoja mashine. Mzee Kimeli aliingia ameshika pruf ya sura ya nane kwa ncha za vidole. Hakuwa mtu mbaya. Alilipa kwa wakati, alifunga kiwanda watu wakifiwa. Ukutani mwake kulikuwa na picha ya rais pale sheria ilipotaka iwe, na beji ya chama haikutoka kwenye koti lake. Shitanda alikuwa nyuma yake.

"Daktari," Kimeli alisema, "hii ya makachero, hapana. Jumamosi DC anakaa pale mbele. Atafungua kitabu hapo hapo. Unataka nilale wapi Jumamosi usiku?"

Selpha alitegemea kusikia ubishi. Sura ya nane ilikuwa na kurasa kumi na tisa. Shitanda alikuwa amehoji watu sita kwa ajili yake, na mmoja wao alikuwa amevua shati kumwonyesha mgongo.

"Nilikuwa nafikiria hivyo hivyo," Shitanda alisema.

"Tuitoe?"

"Itoke. Tuweke sentensi moja. 'Mwaka 1983 hakuwa na afya nzuri.' Inatosha."

Saa ya ukutani ilionyesha kwamba mazungumzo hayo yalichukua muda mfupi kuliko wa kupanga mstari mmoja. Kimeli alimgeukia Selpha.

"Vunja ya nane, mama. Rudisha herufi sandukuni."

Kuvunja ndivyo wanavyosema wapangaji: ukurasa unafunguliwa, herufi zinarudi moja moja kila moja katika chumba chake, na kilichokuwa kimeandikwa hakipo tena. Selpha alivuta trei ya kwanza. Akamwangalia Shitanda.

"Daktari, kama hiyo imetoka, na yangu itoke."

"Hapana, mama. Hiyo ni siasa. Yako ni maisha."

"Miezi saba aliyokaa ndani haikuwa maisha?"

"Usinifundishe kazi, tafadhali."

"Nauliza tu. Mgongo wa mwanamume unafichwa, gagulo langu linasomwa na DC."

Nicholas, aliyekuwa akitia mafuta mashine, alisimama wima. Ndipo alipojua sura ya tisa ilihusu nini.

"Mama Selpha," Shitanda alisema, sasa kwa sauti ya darasani, "watu watanunua kitabu kwa ajili ya nini, sasa? Nimeshatoa moja. Nikitoa na hii, nimebaki na cheti cha ubatizo."

Hapo Selpha aliiacha trei ya sura ya nane. Akavuta ya tisa, akianza na trei yenye jina la binti, akalegeza kamba iliyofunga herufi, akaanza kuivunja. Hakumwaga kitu sakafuni, wala hakupaza sauti. Alivunja jinsi anavyovunja kadi ya harusi iliyokwisha chapwa, maneno mawili matatu kati ya vidole, tiki, tiki, tiki, kila herufi kwao. Shitanda hakuelewa alichokuwa akikitazama. Alijua sehemu za vitabu kwa majina yake yote, na hakujua risasi inarudije sandukuni.

"Anafanya nini?"

"Anavunja," Nicholas alisema.

"Avunje ya nane, si ndiyo?"

"Hiyo si ya nane, Daktari."

Alipofahamu, ukurasa wa tisa wa sura hiyo, wenye jina na shule, ulikuwa umekwisha kuwa a na e na m. Alipiga kelele. Kimeli alimshika Selpha kiwiko. "Selpha, unaniharibia! Ishirini na mitatu tumekaa pamoja, leo ndiyo unanivunjia?"

"Mzee, umeniambia nivunje. Nimekosea trei."

Alichomoa kiwiko chake, akaendelea hadi kurasa zote zikaisha. Kisha akavunja na sura ya nane, kama alivyoagizwa. Saa kumi na moja jioni Kimeli alimpa barua ya kumfuta kazi, na aliandika kwa mkono, kwa kuwa Nicholas alisema hawezi kupanga kitu kama hicho.

Karatasi za Shitanda zilikuwepo bado. Kumi na moja tu. Mtu mmoja angeweza kuzipanga upya kwa siku mbili na nusu. Mtu huyo alikuwa Nicholas, na macho ya Nicholas yaliugua Jumatano hiyo jioni na kupona Jumamosi usiku. Kitabu kikatoka na sura saba na sentensi moja juu ya afya.

Nilihudhuria uzinduzi ule kama mwandishi wa gazeti. Ulifanyika katika ukumbi wa mjini, na kulikuwa na soda na keki yenye umbo la kitabu. Shitanda alisema mbele ya mkuu wa wilaya kwamba kazi yake haikuficha kitu chochote, na alipigiwa makofi ya kiserikali, yale yanayoanza na kumalizika pamoja. Mjane hakuja. Nilipomuuliza Shitanda mbona kitabu kinaisha ghafla, aliniinamia akanong'ona kwamba kuna utamu umebaki, kwamba ana kanda nyumbani, na kwamba toleo la pili litakuwa nao. Alikuwa na krimu ya keki mdomoni. Nimehoji wezi na walevi kwa miaka mingi katika kazi hii, na sijawahi kutamani kunawa mikono kama siku ile.

Selpha naye alijua kuhusu kanda, kwa kuwa sura ya tisa iliitaja. Hakuwa amemzuia, alikuwa amemchelewesha. Kwa hiyo Jumamosi hiyo hiyo, watu walipokuwa wakikata keki, alikuwa amekaa tena kwenye kibanda cha jiko cha binti yake Kapseret, na safari hii alisema kabla ya chai.

"Baba yako hakuwa karani wa reli."

Binti alikuwa akichagua mchele. Hakuinua uso. Selpha akamweleza yote, kuanzia zile Jumamosi, na blanketi, na siku ya kunyoa, na kurasa kumi na moja. Alipofika kwenye barua za kijana, mkono wa binti ulisimama juu ya ungo.

"Alijua?"

"Alisikia siku ile. Alikuwepo."

"Miaka minne nimefikiri nilikuwa na kasoro."

"Najua."

"Hukujua, mama. Ungejua ungesema." Akamwaga chuya nje, akarudi. "Mlikuwa wangapi siku hiyo?"

"Kama arobaini."

"Na huyo wa kitabu?"

"Na yeye."

"Alinyolewa?"

"Alinyolewa."

"Alimnyolea baba yangu?"

Binti alitoka. Selpha alidhani amekwenda kulia, akangoja, akaanza kufunga kitambaa chake ili aondoke. Binti alirudi kutoka kwa jirani ameshika mkasi na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Alimwaga maji ya moto kwenye karai, akaleta kigoda nje mchana kweupe, akakaa mgongo kwa mama yake.

"Anza nyuma," alisema. "Mbele nitakuonyesha."

Hakuna mzee aliyeongoza. Selpha alikata kwanza kwa mkasi, kisha akapaka sabuni, kisha wembe. Mikono iliyorudisha herufi elfu nyingi mahali pake haikumkata hata mara moja.

Jumatatu, kwenye mstari wa asubuhi, watoto walicheka hadi kiranja akawapigia kengele. Mwalimu mkuu alimwita binti ofisini.

"Mwalimu, umefiwa?"

"Ndiyo. Nimefiwa na baba."

"Pole sana. Hata hukutuambia, tungechanga. Lini?"

"Mwaka wa themanini na nne."

Mwalimu mkuu alitazama kichwa kile. Kisha akavuta kitabu cha ruhusa, akamwandikia siku tatu, na mahali pa tarehe ya kifo akapaacha wazi.